Fito Zilizopandwa Kichwa Juu

Siku hizo nilikuwa bado naitwa Kazija, na nilikuwa na shangazi.

Nayasema haya mawili pamoja kwa sababu katika mji ule jina la mtu na watu wa mtu vilikaa shimo moja. Mji wenyewe haukuwa na jina. Majina yalikuwa ya watu, na hayakukaa vinywani, yalikaa bustanini. Kila mmoja wetu alikuwa na shina lake la Warefu, maua yale yanayokufa kiangazi yakabaki viazi vyeusi chini ya udongo, kisha mvua ikigonga yanafufuka, yanapanda, yanampita mtu kimo, yanabeba vichwa vipana kama sinia. Rangi yao kila mtu aliiona kwa namna yake. Tuliwaita Warefu, kama unavyoita watu, na hakuna aliyecheka.

Sasa, Mrefu ana kasoro moja. Shina lake lina uwazi ndani, kama filimbi. Kadiri anavyopanda ndivyo anavyolemewa na kichwa chake mwenyewe. Na kila mwaka, mvua zikikaribia kwisha, Upepo ulikuja mjini na swali. Haukuuliza kwa hasira. Uliuliza kama mgeni anayeulizia nyumba ya mwenyeji wake: Nani amesimama? Mrefu aliyekutwa amelala chini, jina la mwenyewe lilichukuliwa. Mtu hakufa. Alibaki na miguu yake na njaa yake. Aliwajua watu wote kama alivyowajua jana; wao ndio hawakumjua tena. Tulikuwa na mzee mmoja aliyeapa mbele ya umma kwamba aliwahi kuwa mume wa muuza mahamri. Muuza mahamri akamtazama juu mpaka chini, akamuuzia mahamri.

Asiye na jina alichukua maneno ya kwanza atakayoambiwa. Ndilo lilikuwa sharti, na ndiyo maana mtu wa namna hiyo akipita watu walifumba midomo, wasije wakampa jina baya kwa bahati mbaya. Yule mzee tulimwita Toka Hapo, kwa sababu siku aliyopotewa na jina alisimama mbele ya mwanamke aliyekuwa akifagia. Tulikuwa pia na binti anayeitwa Karibu Chai, na sijapata kuona mtu mwenye furaha kama yeye.

Mwaka ninaousimulia, Mrefu wa shangazi yangu Mize alichelewa kutoka ardhini. Alitoka mwembamba, mweupe shingoni, kama mtoto aliyeugua. Shangazi mwenyewe alikuwa amekwisha kuwa mzee wa kushikwa mkono kwenye ngazi. Kijana akipotewa na jina atajulikana upya, ana muda. Lakini shangazi? Angekaa kizingitini kwangu akinijua mimi, akijua nilivyolia nilipong'oka jino la kwanza, nami ningempita na shikamoo ya njiani, ile unayompa bibi yeyote. Hicho ndicho nilichokiogopa. Sikuogopa kitu kingine.

*

Palikuwa na zama za chuma. Sijui kama zilikuwa kabla yangu au zitakuja baadaye. Katika bustani inayokufa na kufufuka, kabla na baada hutumia mlango mmoja. Mkubwa wa wakati huo, ambaye jina lake lilikuwa refu kuliko shina lake, alichoka kuulizwa na Upepo. Akaamuru nondo. Kila Mrefu afungwe kwenye nondo kwa waya. Upepo ukaja, ukauliza, wote walikuwa wamesimama. Ukaja tena, wote wamesimama. Watu wakashangilia. Kisha kiangazi kikaingia na Warefu hawakulala. Walikauka wakiwa wima, waya umewala shingo. Mvua iliponyesha hawakuchipua, maana hawakuwa wameanguka, na ambaye hajaanguka ataanzia wapi? Mkubwa akaendelea kutawala kwa jina la bua kavu, miaka ambayo hakuna aliyethubutu kuihesabu, mpaka kutu ikafanya kazi ambayo watu waliiogopa.

Baada ya hapo likawekwa sharti lililoandikwa kwenye mikono yetu na si mahali pengine: kinachoshika lazima kiweze kuoza. Fito, matete, mianzi. Kamba za mgomba, ukindu, katani. Vitu vinavyoshika msimu mmoja, kisha vinachoka pamoja na kile vilichokishika, vinaingia udongoni pamoja, na mwakani hakuna anayejua ni kipi kilichomlisha nani.

Nikiwaza hivyo nilikuwa nikipata amani ya ajabu. Mpaka leo naipata. Nipo nimechuchumaa, kamba ya mgomba imelowa kwenye kikombe ili iwe laini, udongo umeingia kwenye kucha, jua liko mgongoni kama mkono wa mtu anayenipenda. Naweka miega, zile fito za kuegemeza, mapema, Mrefu akiwa hajafika magotini, wakati ambapo haonekani kuhitaji chochote. Ukingoja ainame ndipo umnyanyue, anakuvunjikia mkononi. Naizungusha kamba kwenye shina kwa ulegevu, naipishanisha katikati kama mtu aliyekunja mikono kifuani, halafu naikaza kwenye ufito. Fundo linakaa upande wa ufito. Shina linaachiwa nafasi ya kucheza. Shina lisilocheza halinenepi.

Je, aliyeshikwa amesimama?

Swali hilo lilinifuata kama mbuzi wa jirani. Nikilifukuza linarudi. Upepo unauliza nani amesimama, sisi tunajibu, Mrefu. Lakini Mrefu ameshikwa. Basi aliyesimama ni ufito. Lakini ufito umeshikwa na udongo. Udongo umeshikwa na nini? Na mimi ninayeuliza, nimechuchumaa. Sijasimama hata kidogo.

*

Desturi ya mwisho ndiyo iliyonishinda.

Fito zilipandwa kichwa chini. Ncha iliyokuwa ikitazama mbingu ndiyo iliyoingia ardhini, ili ufito upotewe, usijue juu ni wapi, usipate wazo la kuchipua. Kwa kawaida hatukuhangaika sana, kwa kuwa tulitumia fito kavu za kiangazi. Mwaka ule mchwa walikuwa wamezila fito zangu za akiba, ikabidi niende mpakani kukata mbichi kwenye ule mti ambao hata tawi lake ukiliegemeza ukutani litatoa majani. Nilikwenda na Machano, jirani yangu bustanini, mwanamume wa rika langu mwenye kucheka kwa mwili mzima, ambaye sikumbuki siku aliyonionea haya.

“Kichwa chini,” aliniambia tuliporudi. Alikuwa ameinama kwenye shina lake, mimi niko kwa shangazi.

“Najua.”

“Unajua wewe, mkono wako haujui. Huo umeushika kichwa juu.”

“Machano, hebu niambie. Kosa lake nini?”

“La nani?”

“La ufito.”

Akacheka mpaka akakaa chini. “Haya tena! Mama Maneno keshaanza. Ufito hauna kosa, bibie, wala hauna fadhila. Ni kuni iliyochelewa kufika jikoni.”

“Umetolewa kwenye mti wake. Umeletwa kumshika usiyemjua. Halafu unazikwa kichwa, miguu hewani, kama mwizi aliyetumbukizwa kisimani. Kila anayemsimamisha mwenzake lazima azikwe hivyo?”

“Ukiusimika kichwa juu utachipua.”

“Uchipue.”

“Utakunywa maji ya shangazi yako.”

“Shangazi hajapata kumnyima mtu maji.”

“Utakuja kulia hapa hapa,” Machano alisema, akijifuta machozi ya kicheko, “na mimi nitakuja kukutazama. Nitakuja na karanga.”

Nikazisimika kichwa juu. Zote. Nilizipanga duara kumzunguka yule Mrefu mwembamba, kama watu wanaomzunguka mgonjwa bila kumziba hewa, na nilipomaliza niliona jambo limekaa sawa duniani. Shangazi Mize akaja na kibakuli cha uji, akatazama.

“Shikamoo shangazi.”

“Marahaba. Nani kazipanga hizi?”

“Mimi.”

“Zimekaa kama zinataka kusema kitu.”

“Ndiyo, shangazi.”

“Basi waache waseme, usiwakatize. We unapenda kukatiza.” Akaninywesha uji kwa kijiko chake mwenyewe kana kwamba mimi ndiye mzee.

*

Mimi ufito. Sikuulizwa. Nilikuwa na majani na ndege mmoja. Panga likapita, ndege akahama, nikabebwa begani na mwanamke anayezungumza peke yake. Nilingojea kugeuzwa. Wote hugeuzwa, habari hizi huvuma mpakani. Sikugeuzwa. Chini kumebaki chini. Juu kumebaki juu. Hapa pembeni yangu pana mtu mwembamba anatetemeka. Ameniegemea. Si mzito. Nimeambiwa nishike, nimeshika. Lakini miguu yangu imelowa, na miguu ikilowa mimi najua jambo moja tu la kufanya.

*

Zikachipua.

Kwanza vidutu vya kijani vilivyonichekesha, kisha majani ya kweli, kisha nilipochimbua kidogo kwa kidole nikakuta mizizi, myeupe, imekwisha kuvipata viazi vya shangazi na kuvikumbatia. Nilifurahi siku moja. Siku iliyofuata jani la chini la Mrefu lilikuwa la manjano. Kisha la pili yake. Kichwa chake, ambacho kilikuwa kimeanza kufumbuka, kikasita.

Nyumbani shangazi aliniita kwa jina la mama yangu, halafu kwa jina la kuku tuliyekuwa naye zamani.

Machano alikuja. Na karanga alikuja nazo, kwa kuwa ni mtu wa kutimiza ahadi. Akanimiminia nusu mkononi.

“Zing'oe,” alisema. Safari hii hakucheka.

“Nikizing'oa viazi vitatoka nazo. Zimeshikana.”

“Zikate basi usawa wa ardhi.”

“Ataegemea nini?”

Akatafuna. “Umevunja na sharti. Kinachoshika lazima kioze. Hizi haziozi, Kazija, hizi zinakua. Kuna tofauti gani na nondo?”

Hilo lilinichoma kuliko ile habari ya karanga, maana lilikuwa swali la haki. Nililibeba nikaenda nalo kisimani, nikarudi nalo. Nondo haikunywa maji ya mtu. Nondo haikuhitaji chochote, na ndicho kilichoifanya nondo kuwa nondo: haikuhitaji, kwa hiyo haikujua ilipoumiza. Fito zangu zilikuwa na kiu. Nilipowapa maji wote wawili, Mrefu na fito, wote wawili walinyanyuka. Nilipochelewa, wote waliinama. Nilimwambia Machano hivyo.

“Vizuri,” akasema. “Sasa una wagonjwa duara zima badala ya mmoja. Hongera.”

Nikawa nachota. Maji ya shina langu mwenyewe nikayapeleka kwa shangazi, kwa kuwa kisima kilitupimia sawa na hakikusikiliza hoja. Nilifanya hivyo nikiimba. Nataka mtu aelewe: sikuwa na huzuni. Yako mahangaiko ambayo ukiwa ndani yake unajikuta umetulia kama jiwe mtoni, kwa sababu unajua mikono yako iko wapi na kwa ajili ya nani.

*

Asubuhi moja vumbi la mpakani lilisimama peke yake, likazunguka, likakaa. Ishara ya kwanza. Kwa desturi yetu, ishara hiyo ikionekana visu vyote vinawekwa chini, wala hapana kukata ufito wala kamba mpaka Upepo upite. Ulichonacho ndicho ulichonacho.

Nikaenda mbio bustanini, na hapo ndipo nilipoliona ambalo nilipaswa kuliona zamani. Fito za shangazi zilikuwa na majani mengi mno. Kila jani lilikuwa mkono uliokunjuliwa kuushika Upepo. Mizizi ilikuwa bado michanga. Upepo ukizisukuma, zitalala, na zitamlaza Mrefu pamoja nazo. Wenye kushika walihitaji kushikwa.

Niliyapukutisha majani niliyoyafikia. Hayakutosha. Nikageuka kwenye shina langu. Mrefu wangu alikuwa mzuri mwaka ule, licha ya kiu, kichwa chake kama sinia la sikukuu, ameegemea matete yaliyopandwa kichwa chini, yametulia, hayana swali. Nikafungua mafundo yake moja baada ya jingine. Nikayang'oa matete yote, nikayakusanya mikononi.

“Unafanya nini?” Machano alipiga kelele kutoka kwenye shina lake. “We mwanamke! Hilo ni shina lako!”

“Nalijua.”

“Litaanguka!”

“Litaanguka.”

“Na mimi nitazungumza na nani hapa bustanini? Eh? Nitamletea nani karanga?”

Nikamwambia anishikie ncha ya tete. Akaja. Tukayalaza matete mshazari, kutoka kila ufito kwenda udongoni. Kamba za shina langu zikaisha kabla ya kazi. Machano akatazama huku na huku, akashusha pumzi, akafungua kamba ya mgomba iliyokuwa kiunoni mwake ikishikilia shuka lake.

“Usiseme neno,” alisema.

“Sijasema.”

“Nakujua. Unalitunga.”

Nikafunga fundo la mwisho kwa kamba ile, nami sikuliweka upande wa ufito wala upande wa shina. Halikuwa na upande. Ufito ulimshika Mrefu, Mrefu akaushika ufito, tete likawashika wote, na Machano akashika shuka lake kwa mikono miwili.

Upepo ukaingia.

Nani amesimama?

Bustani nzima iliinama. Niliona fito kavu za watu zikichomoka kwenye udongo uliolowa na mvua, nyingine zikibaki. Nilimwona Mrefu wa shangazi akilala pamoja na duara lake lote, chini, chini, kichwa kikagusa kifundo cha mguu wangu. Na nilisikia mizizi ikikataa. Sauti ndogo, kama nguo inayokazwa uzi. Kisha duara lote likanyanyuka. Likalala tena, likanyanyuka. Upepo ukapita katikati yake ukitafuta ni yupi wa kuulizwa, ukamuuliza ufito, ukamuuliza Mrefu, ukayauliza matete, kisha ukaondoka pale kama mgeni aliyepewa majibu mengi kuliko maswali yake.

Ulipofika kwenye shina langu haukuhitaji kuuliza. Mrefu wangu alikuwa amekwisha kulala, taratibu, bila kuvunjika, kama mtu aliyesema acha nijinyooshe kidogo.

Kuondokewa na jina hakuumi. Ni kama kuinuka kwenda chumbani na ukifika usikumbuke ulichokifuata.

*

Machano aliniangalia. Uso wake ulikuwa wa adabu, uso wa mtu kwa mgeni. Alifumba mdomo kwa nguvu kama inavyotakiwa, akanipungia mkono mmoja, shuka likataka kuanguka, akalidaka. Nilicheka. Naye alicheka, bila kujua anacheka na nani.

Watu wakaja kutazama nani amebaki. Wote walinipita wamefumba midomo. Toka Hapo alinipita ameziba yake kwa viganja vyote viwili, maskini, kwa huruma. Nikasimama kando ya shina la shangazi nikingoja, na katika kungoja kule nikagundua kwamba nimesimama. Hakuna kilichonishika. Hakikuwa kitu cha fahari kama nilivyodhani. Kilikuwa na baridi kidogo.

Shangazi Mize akaja na fimbo yake. Watu wakamsalimia, “Shikamoo Bi Mize,” na yeye akaitikia mmoja mmoja, na kila jina lake lilipotajwa nilihisi kitu kikikaa mahali pake kifuani mwangu. Alikuwa anatafuta mtu. Alitazama mpaka kwenye shina lililolala, lile langu, akalitazama kama unavyotazama mlango wa nyumba iliyohamwa. Kisha akarudi kwenye duara lake. Akanyoosha mkono, akagusa pale ambapo nilikuwa nimepukutisha majani, na pale pale, kwenye miti mitupu, palikuwa pametoka vijiua vidogo vya rangi ya waridi hafifu. Sikuwa nimeviona. Hakuna aliyekuwa ameviona.

Akanigeukia mimi niliyekuwa karibu. Watu wakashika pumzi. Mtu mmoja akamvuta kanga, lakini shangazi hakuwa mtu wa kuvutwa kanga.

“Fito zimechanua,” akaniambia.

Basi hilo ndilo jina langu. Ndilo refu kuliko yote mjini, na wenye haraka hunikatisha wakasema Fito, nami naitika. Machano ameanza kunizoea. Juzi alikuja bustanini na karanga, akakaa mbali kidogo kwa heshima ya ugeni, akaniuliza kama ni kweli kwamba ukisimika ufito kichwa juu hautamnyonya Mrefu. Nikamwambia utamnyonya. Akatafuna, akafikiri, akasimika mmoja kichwa juu na mmoja kichwa chini, kwa tahadhari.

Kila asubuhi nampelekea shangazi uji. Nampa shikamoo, ile ya njiani, naye ananiitikia. Jana alinishika mkono kwenye ngazi, akaukagua, akaona udongo kwenye kucha.

“Una mikono ya kaka yangu,” alisema. “Naye alikuwa na binti, ana maneno mengi huyo, sijui kaenda wapi. Kaa hapa tumngoje.”

Nikakaa.